Kampuni inatushawishi tuhifadhi damu ya kitovu ya mtoto. Ina maana kweli?

DadaWaPili:

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Nina mimba ya miezi saba na nusu, mtoto wa pili. Wa kwanza ana miaka minne, mzima kabisa. Kliniki iliyopita tulimkuta dada mmoja na vipeperushi vyake, akatukalisha chini kutueleza habari ya kuhifadhi damu ya kitovu. Kwamba mtoto akizaliwa na kitovu kikakatwa, ile damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma ina seli shina. Wanaichukua, wanaigandisha, na mtoto akija kuugua huko mbele inamtibu. Kipeperushi kinasema magonjwa zaidi ya 80. Nyuma yake wameweka utindio wa ubongo, usonji na kisukari, na chini kabisa "na mengine yatakayogunduliwa".

Mume wangu ameshalainika. Huyu ni mtu ambaye hata kununua pasi analinganisha bei wiki nzima, lakini alipoambiwa "nafasi hii inapatikana mara moja tu katika maisha ya mtoto" akawa mpole kama amemwagiwa maji. Mimi sijakataa, ila nina wasiwasi. Nilimuuliza yule dada, kati ya watoto mliowahifadhia, wangapi wameshaitumia damu yao? Akanijibu kwamba la msingi ni utulivu wa moyo wa mzazi. Daktari wangu naye nilipomgusia alitabasamu tu, "ni uamuzi wenu".

Basi nauliza. Mtoto akipata saratani ya damu, ni kweli atatibiwa kwa damu yake mwenyewe? Kuichukua kunampunguzia kitu pale anapozaliwa? Na ikikaa miaka ishirini kwenye barafu bado inafaa? Naomba anijibu anayejua, asiwe anayeuza.

---

FundiMaabara:

Dada, hongera kwanza. Nimefanya kazi ya kupokea na kugandisha hizi damu, nikaanza benki ya umma (ile inayopokea damu ya kitovu ya sadaka kwa ajili ya mgonjwa yeyote), baadaye kampuni binafsi. Siko huko tena, kwa hiyo sina cha kukuuzia.

Kinachofanya vipeperushi hivyo viwe vigumu kuvijibu ni kwamba ukweli umejaa ndani yake. Seli shina zipo, na ndizo zinazozalisha damu yote: chembe nyekundu, nyeupe, hadi zile za kugandisha jeraha. Kabla damu ya kitovu haijaanza kutumika, zilikuwa zinachotwa kwenye uboho, kwa sindano, kutoka mfupa wa nyonga wa mtu anayejitolea. Oktoba 1988, hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, daktari Eliane Gluckman alimpandikizia mvulana kutoka Marekani mwenye anemia ya Fanconi (uboho unashindwa kutengeneza damu) damu ya kitovu, iliyokuwa imegandishwa na timu ya Hal Broxmeyer kule Indiana. Ikashika. Damu ya yule mtoto ikaanza kutengenezwa upya, na dunia ikaamini.

Sasa jiulize ile damu ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mdogo wake wa kike aliyekuwa amezaliwa karibuni. Ingekuwa yake mwenyewe isingemsaidia kitu, maana Fanconi ni ugonjwa wa kurithi na upo ndani ya kila seli, zikiwemo za kitovu. Chukua ile orodha ya magonjwa 80 uipitie ukiwa na jambo hilo kichwani. Selimundu: kurithi. Thalasemia: kurithi. Upungufu wa kinga wa kuzaliwa nao: kurithi. Magonjwa ya umetaboli, yaani mwili kushindwa kuvunja kemikali zake, kama Hurler na Krabbe: kurithi. Yote hayo yanatibiwa kwa damu ya kitovu ya MTU MWINGINE asiye na ugonjwa huo.

Saratani ya damu ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu hairithiwi kwa namna hiyo. Lakini watafiti walirudi kwenye yale matone ya damu yanayochukuliwa kisigino cha mtoto mchanga na kukaushwa kwenye karatasi, wakachunguza ya watoto waliokuja kuugua saratani ya damu miaka kadhaa baadaye. Kwa baadhi yao, hitilafu ya kwanza ya jeni ilikuwepo tayari siku walipozaliwa. Maana yake mfuko wako uliogandishwa unaweza kuwa na mbegu ileile unayotaka kuing'oa. Na kuna jambo la pili ambalo sijawahi kuliona kwenye kipeperushi chochote: seli za mtu mwingine zinapoingia mwilini husaidia kuwinda mabaki ya saratani, kwa kuwa zinayaona ni mageni. Seli zako mwenyewe zinayapita kama ndugu. Ndiyo maana daktari wa saratani ya watoto anapotafuta seli, damu ya kitovu ya mgonjwa mwenyewe huwa siyo anachokitafuta.

Wakikwambia ni bima, basi ni bima inayolipa nyumba ya jirani ikiungua. Jambo jema sana hilo, ila ulitegemea kitu kingine.

Kuhusu miaka: hapo watu wa kampuni wana haki. Ikigandishwa ipasavyo na kukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, karibu nyuzi 196 chini ya sifuri, muda si tatizo kubwa. Broxmeyer huyohuyo na wenzake walitoa matokeo mwaka 2023 ya damu iliyokaa miaka 27, na seli zake zilikuwa bado zinafanya kazi.

Tatizo ni kiasi, na nitalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu nililiona kila siku mezani kwangu. Mfuko unafika maabara, unaupima uzito. Mara nyingi una mililita 60 hadi 120, mara nyingine hata 40. Unahesabu seli zenye kiini, unapima vijidudu, unazungusha kwenye mashine kutenga chembe nyekundu na maji ya damu, unabakiwa na kama mililita 25 za kile unachokitaka. Unaongeza taratibu, kwenye baridi, dawa inayozuia seli zisipasuke kwa barafu, unashusha joto polepole, kama nyuzi moja kwa dakika, kisha kitu kinaingia kwenye tangi. Madaktari wanaopandikiza hutaka angalau seli milioni 25 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtoto wa kilo 20 anahitaji milioni 500. Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji zaidi ya bilioni moja na milioni mia saba, ndiyo maana watu wazima wengi huwekewa mifuko miwili ya watoto wawili tofauti.

Nilipokuwa benki ya umma, mifuko mingi iliyoletwa tuliikataa kwa sababu seli hazikutosha. Kule kwenye kampuni, mfuko uleule ungegandishwa, cheti kikachapwa kwa karatasi nzuri yenye jina la mtoto, na wazazi wakaanza kulipa ada ya kila mwaka. Hakuna aliyedanganya. Ni kwamba tu hakuna aliyeuliza.

---

MkungaMzee:

Mwanangu, niongeze la chumba cha kujifungulia, maana la maabara limeelezwa vizuri.

Mtoto akitoka, kitovu bado kinapiga. Damu iliyo kwenye kondo ni ya mtoto, siyo takataka, na inaendelea kumwingia. Ukisubiri dakika moja anapata kama mililita 80, zikifika tatu ni karibu 100. Mtoto wa kilo tatu ana damu kama mililita 240 mwili mzima, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe. Madini ya chuma anayopata hapo ndiyo yanamtunza miezi yake ya kwanza. Kwa njiti faida ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja, kati ya moja na tatu.

Nimewahi kuzalisha huku mtu amesimama pembeni na kifuko chake, ananiambia "sista, bana haraka, haraka". Nilimwambia asogee. Kuchomwa sindano kwenye mshipa wa kitovu hakumuumizi mtoto wala mama, kitovu kikishakatwa hakina hisia. Kinachomgharimu mtoto ni ile haraka. Ukisubiri, kifuko hakijai. Hivyo viwili vinavutana, na ukiona anayekuuzia anasema havivutani, muulize mililita ngapi anatarajia.

---

TuangalieMbele:

Mimi nitatofautiana na wakuu. Nimehifadhi za watoto wangu wote na sijuti. Mnaongelea matumizi ya jana. Sayansi haijasimama. Kuna majaribio ya utindio wa ubongo chuo kikuu cha Duke, Marekani, watoto wanarudishiwa damu zao WENYEWE. Kuna kisukari. Damu ikishatupwa imetupwa, huwezi kurudi kuidai mtoto akiwa na miaka kumi. Mzazi mwenye uwezo kwa nini asiweke akiba?

---

FundiMaabara:

Mkuu, hoja yako ni ya haki, nami nilikuwa naisema hivyohivyo kazini. Ila tuyafuate hayo majaribio hadi mwisho wake, tusiishie kwenye kichwa cha habari.

Ni kweli Duke, chini ya Joanne Kurtzberg, walifanya majaribio. La usonji lilikuwa na watoto 180, matokeo yakatoka 2020: kipimo kikuu walichokuwa wamejiwekea hakikuonyesha tofauti ya maana kati ya waliopewa damu ya kitovu na waliopewa maji yasiyo na seli, ya kulinganishia. La utindio wa ubongo kulikuwa na dalili kwamba waliopata dozi kubwa walisogea kidogo zaidi, tena rudi kwenye habari ya kiasi cha seli. Kisukari cha watoto kilijaribiwa kwa damu yao wenyewe, na kongosho halikuokoka. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha damu ya kitovu kwa lolote kati ya hayo matatu. Hayo ndiyo yaliyopo ukurasa wa nyuma wa kipeperushi cha dada yetu, na yamewekwa karibu na selimundu kana kwamba uzito wake ni mmoja.

Sayansi inasonga, ndiyo, lakini angalia imeelekea wapi. Aprili 2023 Marekani iliidhinisha omidubicel, ambapo wanachukua damu ya kitovu moja na kuzizidisha seli zake maabara kabla ya kumpa mgonjwa wa saratani, ili lile tatizo la uchache litatuliwe. Mwaka 2022 ilitangazwa habari ya mwanamke wa New York mwenye VVU na saratani ya damu, aliyepandikizwa damu ya kitovu yenye mabadiliko ya jeni yanayozuia virusi kuingia kwenye seli, akaacha dawa na virusi havikurudi. Mambo makubwa kweli. Lakini kote huko seli zilitoka kitovu cha mtoto mwingine.

Na upande wa pili, haja yenyewe inapungua. Siku hizi baba au mama anayelingana na mtoto nusu tu anaweza kumtolea uboho, kwa sababu wamepata namna ya kuzituliza zile seli zinazoleta fujo baada ya upandikizaji. Zamani hilo lilikuwa karibu haliwezekani, na damu ya kitovu ilipendwa kwa sababu ilivumilia kutolingana. Sasa ina washindani.

Kama fedha yako haina kazi nyingine, ihifadhi, sikugombezi. Ninachopinga ni mama kuambiwa asipolipa amemnyima mtoto uhai.

---

BabaZubeda *(jina la kubuni)*:

Nimesoma uzi wote. Naomba nisimulie upande ambao jambo hili si la kubahatisha, asije mtu akaondoka akidhani ni utapeli mtupu.

Binti yetu mkubwa ana thalasemia, ile nzito. Alikuwa anaishi kwa kuongezewa damu, na chuma kinachojikusanya mwilini kutokana na damu hizo kinatolewa kwa dawa. Mama yake alipopata mimba nyingine, daktari wa damu, siyo muuzaji, ndiye aliyetuita. Akatueleza kwamba ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu kwenye alama za HLA, zile ambazo kinga ya mwili inatumia kutofautisha mwenyeji na mgeni. Moja kati ya nne, siyo ahadi. Na mtoto mwenyewe lazima asiwe na ugonjwa; kubeba jeni moja tu hakuzuii.

Damu ilichukuliwa kwa ajili ya binti hasa, jina lake limeandikwa kwenye mfuko. Wakapima, wakalingana. Lakini mfuko ulikuwa na seli pungufu kwa uzito wa binti. Hapo ndipo niliposhukuru tuliongozwa na timu ya upandikizaji, maana walisema tusubiri mdogo akue kidogo, wachote uboho wake uongezwe juu ya ile damu ya kitovu. Ni mtoaji mmoja, vinachanganywa bila shida. Ndivyo ilivyofanyika.

Nisiwadanganye kwamba ni kazi nyepesi. Kabla ya kuziweka seli wanaua uboho wa zamani kwa dawa kali, mtoto anakaa chumba cha peke yake hana kinga kabisa, na damu ya kitovu inachelewa kushika kuliko uboho. Kila asubuhi unaulizia hesabu ya chembe nyeupe. Sifuri. Sifuri. Siku ilipotokea sifuri nukta moja muuguzi alikuja kuniambia kabla sijauliza. Sasa binti haongezewi damu.

Kwa hiyo dada, kama ndani ya nyumba yenu kungekuwa na mgonjwa wa namna hii ningekwambia usikose hata kidogo. Kama wote ni wazima, mtoto akija kuugua ndugu yake yupo, na uboho wake anatembea nao.

---

FundiMaabara:

Baba Zubeda, asante. Hicho ndicho wanachama wa vyama vya madaktari wa watoto wanachokisema kwa maneno yao: tunza kwa ajili ya familia pale ambapo ndugu ana ugonjwa unaojulikana kutibika hivyo, vinginevyo, kama benki ya umma ipo, toa sadaka. Chuo cha madaktari wa watoto cha Marekani kililiandika hivyo tena mwaka 2017.

---

DadaWaPili:

Wakuu, mmenifumbua macho. Nimempa mume wangu asome. Alinyamaza, kisha akaenda kwenye jedwali lake akaweka mtoto wa kilo 20 na seli milioni 500, akampigia yule dada wa kampuni kuuliza mfuko wao wa chini kabisa una seli ngapi. Akaambiwa watampigia. Hawajapiga, na kwangu pia simu zimekoma!

Yeye bado hajaachia moja kwa moja. Anasema wakijibu vizuri je? Niwaulize nini kingine? Na swali langu mwenyewe: nikitaka kuitoa benki ya umma, ninaweza kusubiri zile dakika za mama mkunga na bado ikatosha?

---

FundiMaabara:

Mwambie shemeji jedwali lake liko sawa.

Wakijibu, majibu yawe kwa maandishi. Wana ithibati ya AABB au FACT (mashirika yanayokagua ubora wa benki za damu na seli), au wana cheti cha biashara tu? Mfuko ukitoka na seli chache watawaambia kabla ya kugandisha na kurudisha pesa, au watagandisha kimya? Vijidudu vikionekana? Kutoka chumba cha kujifungulia hadi maabara ni saa ngapi, na wikendi je, maana watoto hawazaliwi saa za kazi. Nyie mkishindwa kulipa ada, damu inakuwa ya nani? Kampuni ikifilisika, matangi yanaenda wapi na nani anayaongezea naitrojeni? Hilo la mwisho soma mkataba wenyewe, usisikilize mdomo. Na wakikuongezea kifurushi cha kuhifadhi kipande cha kitovu chenyewe, hicho hakina tiba iliyoidhinishwa Marekani kwa sasa, kikate kwenye bei.

Kuhusu benki ya umma: inawezekana, ila mfuko utakuwa mdogo na uwezekano wa kukataliwa unapanda. Ukikataliwa, mara nyingi damu inaenda kwenye utafiti ukiridhia, haipotei. Usingoje uchungu uanze. Watakuhoji historia ya magonjwa ya familia, watakupima wewe damu, VVU, homa ya ini, kaswende na mengineyo, na ridhaa inasainiwa mapema ukiwa na akili yako. Uliza pia kama hospitali yako iko kwenye mpango wao, kwa sababu hazichukui kila mahali.

---

MkungaMzee:

Na dakika za kitovu mwambie anayekuzalisha leo, iandikwe kwenye kadi yako. Siku yenyewe utakuwa na mengine ya kusema.